Mikono Miwili ya Kushoto

Usiku wa jana niliota nimekwenda ziwani kuvua na mafundi wenzangu, na kwa kuwa yaliyotokea huko yanahusu kitambaa cha mtu, nitayaeleza yalivyokuwa bila kutia chumvi.

Kwanza mnifahamu. Naitwa Melkiori, fundi cherehani, kibanda changu kiko nyuma ya soko hapa Babati. Upande mmoja napakana na Boay, ambaye ana maneno mengi kuliko uzi. Upande wa pili yuko Swalehe, mtu wa Kondoa, ambaye akikuambia nguo itakuwa tayari saa nne, ukifika saa nne unaikuta imepigwa pasi na kukunjwa. Kwa jambo hilo hatumpendi sana, lakini ni rafiki yetu.

Tulikuwa tumepanga Jumapili hii twende ziwani, sisi watatu tu, tukavue samaki na kupumzisha macho. Wazo lilikuwa langu. Nilitaka kukaa mbali na kibanda, na sababu yenyewe ni gauni la Mama Resti.

Mama Resti alileta kitambaa miezi miwili iliyopita. Ni cha zambarau, kina maua ya dhahabu, na kinang'aa upande mmoja tu. Marehemu mumewe alikinunua Arusha kabla hajaugua, akasema kishonwe siku binti yao Restituta atakapoolewa. Kikakaa sandukuni miaka kumi na mmoja. Mama Resti alikiweka juu ya meza yangu kwa mikono miwili, akasema, "Mikono mirefu, fundi, na iwe mipana hadi chini. Kwenye sendofu ya kumuaga binti yangu nitakaa mbele."

Kitambaa kilikuwa hakitoshi vizuri. Kwa kawaida fundi hukunja kitambaa mara mbili, akakata mara moja, akapata mkono wa kulia na wa kushoto kwa pamoja. Mimi sikuwa na nafasi ya kukunja, ikabidi nichore mkono mmoja mmoja kwa karatasi ya kukatia. Wa kwanza nikauandika K kwa chaki, yaani kushoto. Wa pili nikauandika K, yaani kulia. Wakati huo nilikuwa nabishana na Boay kuhusu penalti, nikaona nimepanga vizuri, nikasahau kugeuza karatasi. Nilipoweka mkasi chini nilikuwa na mikono miwili ya kushoto, na kipande kilichobaki hakikutosha hata leso.

Tangu hapo Mama Resti akija namwambia, "Bado vifungo tu, mama. Njoo Ijumaa." Amekuja Ijumaa saba. Sendofu ni kesho, Jumamosi.

Sasa ndoto.

Tunafika ziwani jua limeshapanda. Boay amebeba chapati, Swalehe amebeba ndoo, mimi nimebeba gauni la Mama Resti ndani ya mfuko wa kaki. Sijui kwa nini nimelibeba, na wenzangu hawaulizi.

Pindo la ziwa limefumuka. Uzi unaning'inia kwenye nyasi na maji yanatoka kidogo kidogo, kama mita tatu hivi za ufukwe. Swalehe anachuchumaa, anachomoa sindano kwenye kola yake, anaanza kulikunja pindo na kulishona upya bila kuombwa. Ndivyo alivyo.

Kando ya maji pana kibao. Kimeandikwa MAHALI PA KUVUA, na chini yake, NI MARUFUKU KUVUA BILA MSHIPI. Chini ya kibao amekaa kiboko kwenye kiti cha plastiki. Amevaa kofia ya mlinzi. Nilikiangalia kile kiti kwa muda, maana miguu yake haikuwa imepinda hata kidogo.

"Shikamoo," nikasema. Alionekana mtu mzima.

"Marahaba. Mmekuja kufanya nini?"

"Kuvua, mkuu," Boay akajibu.

"Basi vueni."

Tukaanza kukunjua nyuzi zetu za nailoni. Kiboko akatikisa kichwa.

"Hamjavua. Mmevaa mashati, mmevaa na viatu. Mtu aliyevua havai viatu."

"Kuvua samaki, mkuu," Boay akamweleza taratibu.

"Kibao kimeandika samaki?"

Tukakisoma tena wote watatu. Hakikuandika samaki. Tukavua viatu, tukavua mashati, tukayakunja vizuri kwa sababu ya kazi yetu. Miaka ishirini nimekuwa navisha watu, na sikuwahi kujiuliza kwa nini neno la kumtoa samaki majini ni lilelile la kumtoa mtu ndani ya nguo. Nikaona hapa ndipo mahali pa kuuliza.

"Samaki amevaa maji," kiboko akasema. "Ukimtoa, umemvua."

Jibu lilinitosha. Nilitaka nilichukue nyumbani.

"Na mishipi iko wapi?" akauliza.

"Hii hapa," Boay akamwonyesha nailoni.

"Huo ni uzi. Mafundi wazima mnaniletea uzi mnauita mshipi? Mshipi huo hapo umekuzunguka kiuno."

Sisi siku hizi tunasema mkanda, lakini kiboko alikuwa wa zamani na Kiswahili kilikuwa upande wake. Mimi na Boay tukafungua mikanda, tukabaki tumeshika suruali kwa mkono mmoja. Swalehe hana mkanda, suruali zake anajishonea za lastiki. Kiboko akafikiri kidogo, akamruhusu avue kwa lastiki kwa sharti asiivute sana.

"Chambo tumesahau," Swalehe akasema.

"Mafundi hawahitaji chambo. Semeni mnavyosema siku zote."

Boay akamwuliza leo ni siku gani.

"Ijumaa," kiboko akajibu. "Hapa siku zote ni Ijumaa. Kwani nyie mliwaambia waje lini?"

Boay hakuelewa, au alijifanya haelewi. Akaning'iniza mkanda majini, akasafisha koo, akasema kwa ile sauti yake ya sokoni, "Njoo Ijumaa!"

Mkanda ukakaza papo hapo. Akavuta, akatoka sato mmoja wa ukubwa wa kiganja, amekunja uso.

"Nimekuja," sato akasema. "Suruali yangu iko tayari?"

"Umeme ulikatika, ndugu yangu," Boay akasema.

"Cherehani yako ni ya mguu."

Boay akakohoa. Mimi nilikuwa nataka kujua samaki ana suruali ya nini, nikamwuliza. Akaniambia ilikuwa ya kupunguza chini tu, kazi ya dakika kumi, na kwamba swali langu halikuwa la adabu. Nikamwomba radhi.

Swalehe naye akatumbukiza lastiki yake. "Njoo Ijumaa," akasema, lakini kwa aibu, kwa kuwa hakuzoea. Maji yakatulia. Akajaribu, "Njoo saa nne kamili." Maji yakatulia zaidi.

Kiboko akainuka, akachungulia ziwani, akarudi kukaa. "Wewe hawapo. Samaki wako wote walishachukua nguo zao."

Swalehe akaweka ndoo yake kifudifudi na kuikalia. Kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma, kisha nikajishangaa. Mtu anamaliza kazi za watu kwa wakati, na ndiye anayerudi nyumbani bila kitoweo.

Mimi mkanda wangu nilikuwa nimeushika tu, sijautia majini. Nilijua nani atakuja.

Boay alimtazama sato wake, akaona ni mdogo. "Sokoni watanicheka," akasema. "Nitasema alikuwa mkubwa, hawataniamini. Bora niandike kabisa." Akatoa chaki mfukoni, akaandika ubavuni mwa sato: 60.

Sato akaanza kurefuka. Alirefuka bila haraka, hadi akafika inchi sitini, akamsukuma Swalehe kutoka kwenye ndoo. Mkia wake ulikuwa mbali naye na akawa anauangalia kwa mashaka.

"Angalieni na hiyo chaki," kiboko akatuonya. "Hapa kinachoandikwa kwa chaki ya fundi ndicho kinachokuwa. Na aliyeandika ndiye anayesoma."

"Mmenifanyia nini?" sato akalalamika. "Suruali niliyoleta ni ya mtu mfupi!"

Boay akasema ile suruali ataiunga. Sato akasema hataki suruali yenye viungo. Sauti ilikuwa inapanda, na Swalehe hawezi kuvumilia mteja akilalamika, hata awe mteja wa mwenzake. Akatoa futi, akampima, akapata katikati, akaweka alama.

"Samahani, ndugu yangu," akasema, akamkata kwa mkasi.

Hakuna damu iliyotoka. Sasa kuna sato wawili, inchi thelathini kila mmoja, mmoja ametazama kushoto na mwingine ametazama kulia. Wakageuka, wakaonana, wakasalimiana. Kisha wakaendelea kumlalamikia Boay kwa zamu.

"Samaki mrefu ni samaki wafupi wawili," Swalehe akasema, akifuta mkasi kwenye suruali. Hakusema kwa kujisifu. Nilitaka kumwuliza imekuwaje mmoja akatazama huku na mwingine kule, maana mkasi haugeuzi samaki, lakini nilipogeuka mkanda uliniponyoka nusu, ncha ikaingia majini.

Mimi sikusema kitu. Bizimu ya mkanda ilijifungua yenyewe, ikasema kwa sauti yangu kabisa, "Bado vifungo tu, mama. Njoo Ijumaa."

Nikavutwa hatua mbili. Nikavuta na mimi, suruali nimeibana kwa magoti, akatoka kambale mrefu mweusi, amejitanda kitenge begani. Akapangusa sharubu kwa ncha ya kitenge, na alipomaliza kupangusa alikuwa Mama Resti.

"Hujambo, fundi."

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ni Ijumaa."

Hakugomba. Hajawahi kunigombeza hata Ijumaa moja, na hicho ndicho kinachoniumiza. Mteja akigomba na wewe unapata pa kusimama, unagomba kidogo, mnamalizana. Huyu anaitikia tu, anakunja kitenge chake, anarudi zake.

Nikafungua mfuko wa kaki, nikampa gauni. Akalivaa hapohapo, juu ya nguo zake. Mkono wa kushoto ukaingia vizuri. Mkono wa kulia ukaingia kwa shida, kitambaa kikajisokota begani, na mkono wote ukawa unataka kwenda nyuma.

"Fundi," akasema, "huu mkono unanivuta."

Boay akaangalia mawingu. Swalehe hakuangalia mawingu. Yeye ni fundi, aliona mara moja, akaniangalia mimi, akafungua mdomo aseme. Nikamtikisia kichwa. Akafunga mdomo.

Chaki ilikuwa mkononi mwangu. Sikumbuki kuitoa. Ningeweza kusema neno moja, mbele ya kiboko na sato wawili na mafundi wenzangu, nikaaibika, likaisha. Lakini nilifikiri hivi: kama nguo haimtoshi mtu, kuna vitu viwili vya kurekebisha, na nguo imeshakatwa.

Nikamshika mkono wa kulia, chini kidogo ya bega, nikaandika K.

"Hiyo ni K gani?" kiboko akauliza kutoka kwenye kiti chake.

"Kushoto," nikasema.

Mkono ukageuka. Niliangalia kwa makini kwa sababu nilitaka kujua unapitia wapi. Kiwiko kiligeuka kwanza, kisha kidole gumba kikahama, kikatembea mbele ya vidole vingine kimoja kimoja kama mtu anayeomba njia kanisani, kikakaa upande wa pili. Gauni likajinyoosha, bega likatulia. Sijawahi kushona nguo ikamkaa mtu vile. Nilisahau aibu yangu, nikarudi nyuma hatua tatu kuitazama.

"Imekaa," Mama Resti akasema, na uso ukamfunguka. "Asante, fundi. Laiti Baba Resti angeiona."

Akaninyooshea mkono kunishukuru. Ulikuwa wa kushoto. Akauona, akastaajabu, akaurudisha, akatoa mwingine. Na huo ulikuwa wa kushoto.

"Samahani," akaniambia. "Sijui nina nini leo."

Nikaupokea hivyohivyo.

Kiboko akatazama saa, akasema muda umefika. Akashika ziwa pembe mbili, sisi tukashika pembe mbili nyingine, tukalikunja mara mbili, mara nne, na chini yake palikuwa na ukumbi, na viti vimeshapangwa. Wale sato wawili walikuwa meza ya ndugu wa mume. Kiboko alivua kofia ya mlinzi, akashika kipaza sauti, akawa mshereheshaji. Boay alikuwa anakula. Mimi nilikuwa bado bila shati na hakuna aliyejali.

Resti yuko mbele kwenye kiti chake cha mapambo. Keki inaletwa. Mama Resti anasimama, gauni linang'aa ukumbi mzima, watu wanapiga vigelegele, na mimi nasikia mmoja nyuma yangu akiuliza nguo ile imeshonwa na nani.

"Mama mzazi," kiboko anasema, "sasa umlishe binti yako keki. Kwa mkono wa kulia, kama tulivyolelewa."

Mama Resti anachukua kipande cha keki. Anauangalia mkono wake, anakihamishia mkono wa pili. Anauangalia huo nao. Anakirudisha.

Vigelegele vinakoma.

"Wa kulia, mama," kiboko anarudia kwa upole.

Hana. Ningeweza kumwambia mtu yeyote mle ndani kwamba hana, maana mimi ndiye niliyeuondoa. Anasimama mbele ya wakwe, na kipande cha keki kinahama kutoka kushoto kwenda kushoto. Resti amefungua mdomo anasubiri. Sato mmoja anamnong'oneza mwenzake kwamba mama huyu anawadharau, atawalishaje watu kwa kushoto.

Niliona uchungu. Nikakimbia mbele, nikamshika mkono, nikaifuta ile K kwa kidole. Haikutoka. Nikaifuta kwa mate, nikaifuta kwa ncha ya ziwa lililokunjwa. Haikutoka.

"Chaki ya fundi haifutwi na fundi," kiboko akasema kwenye kipaza sauti, wote wakasikia. "Isome upya."

"Mama," nikasema. Nilikuwa na neno tayari. Nikafungua mdomo kulisema, nikasikia, "Bado vifungo tu."

Kifungo kikaanguka kutoka mdomoni mwangu, kikalia kwenye sahani ya keki.

Nikajaribu tena. "Bado vifungo tu." Kikaanguka kingine, cheupe, chenye matundu manne. Nikaona ajabu, kwa kuwa vifungo vya matundu manne situmii kwenye magauni. Lakini nilivyozidi kujaribu ndivyo vilivyozidi kuanguka, vikajaa sahani, vikaanza kumwagika mezani, na kila mtu ukumbini akivisikia.

Mama Resti aliniangalia kwa uvumilivu uleule wa Ijumaa saba.

"Sema tu, fundi," akasema. "Mimi nakusikiliza."

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha, na majogoo wa jirani walishamaliza kuwika. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kupitisha ulimi mdomoni. Hamkuwa na kifungo. Cha pili nilichofanya ni kwenda kibandani kabla ya chai.

Nikaitandaza ile mikono miwili mezani. K na K, kwa mwandiko wangu. Mwandiko wangu unajulikana soko zima, kwa sababu mguu wa chini wa K nauvuta mrefu, ukashuka chini ya mstari. Nikakaa nikiiangalia, nikamkumbuka sato wa inchi sitini.

Nikachukua mkono mmoja, nikaupima. Inchi ishirini na nne, na upana wake ni uleule juu hadi chini, kama alivyoagiza mwenyewe. Nikachukua karatasi ya mkono mfupi, nikaiweka juu. Ikaenea. Nikaigeuza, safari hii nikaigeuza kweli, nikaiweka sehemu ya chini. Ikaenea. Mkono mrefu wa kushoto ulikuwa na mkono mfupi wa kushoto juu na mkono mfupi wa kulia chini, na kwa miezi miwili mikono hiyo ilikuwa imelala mezani kwangu. Mkono wa pili ulibaki mzima, unatosha kutoa mshipi mpana wa kiunoni. Sijui kwa nini nilisema mshipi.

Sikukata. Safari ya kwanza nilikata bila kuuliza.

Saa mbili nikasikia, "Hodi, fundi."

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Alikuwa amevaa sweta, amebeba kikapu cha vitu vya sendofu. "Ni Ijumaa," akasema.

Nilifungua mdomo huku nikiogopa kitakachoanguka.

"Mama, nilikata vibaya," nikasema. "Si vifungo. Vifungo niliviweka tangu Ijumaa ya kwanza. Nilikata mikono miwili, yote ikawa ya kushoto."

Kibandani kwa Boay cherehani ikaacha kulia. Mama Resti akaweka kikapu chini, akakaa kwenye benchi la wateja. Akavuta ile mikono karibu yake, akaipapasa upande unaong'aa.

"Kitambaa cha Baba Resti," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ungeniambia siku ile ya kwanza."

"Nilipaswa kukuambia." Kulikuwa na la kusema kuhusu umeme, lakini sikulisema.

Nikamwonyesha karatasi, nikamweleza ya mkono mrefu kuwa na mikono mifupi miwili. Nikamwambia itafika juu kidogo ya kiwiko, na kwamba jioni ya leo, si wiki ijayo, analichukua gauni lake, na nikishindwa Swalehe atakuwa shahidi. Swalehe, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na Boay bila kuitwa, akasema yeye atashona mkono mmoja ili tuwahi.

Mama Resti akaukunja mkono mmoja wa gauni nusu, akautazama.

"Marehemu alipenda mirefu," akasema. Kisha akashusha pumzi. "Haya. Nipime."

Akavua mkono mmoja wa sweta, wa kulia, na chini kidogo ya bega palikuwa na herufi K, kwa chaki ya bluu. Mguu wake wa chini ulikuwa umevutwa mrefu.

Swalehe aliiona, akaniangalia. Mimi sikumwangalia.

"Nimeamka nayo," Mama Resti akasema. "Nimeiosha kwa sabuni, haitoki. Nikadhani ni ya siku uliponipima, lakini ile ni miezi miwili. Na tangu asubuhi mkono huu hauko sawa, fundi. Uji nimeunywa kwa huu mwingine." Akaugeuza mkono ili nione vizuri. "Ni K ya nini?"

Yalikuwapo maneno mawili, na nilikuwa na mdomo mmoja.

"Kulia, mama," nikasema.

Akaitazama ile herufi, akalitazama gauni lisilo na mikono lililoning'inia ukutani. Ijumaa saba amekuja na kurudi mikono mitupu, na sikuwahi kuona chozi lake. Sasa akalia. Alilia taratibu, kama mtu aliyekuwa amepangiwa siku na siku yenyewe imefika, na sisi mafundi watatu tukasimama pale na mikono yetu bila kujua tuiweke wapi.

Alipomaliza akapangusa uso kwa mkono uleule, palepale chini ya bega, na chaki ikatoka yote pamoja na machozi. Kisha akaunyoosha nipime. Kidole gumba kilikuwa mahali pake.

Nikaanzia begani, nikaishia juu kidogo ya kiwiko. Inchi kumi na moja.